Mpagazi na mwongozaji: mlima mmoja, kazi na taaluma

Pale lango la Machame, Mlima Kilimanjaro, wapagazi hupanga foleni mizigo ipimwe. Kilo 20 ndiyo mwisho. Kinachotakiwa ni mgongo, mapafu na buti imara. Safari ikipatikana unalipwa, isipopatikana unarudi Moshi mjini kusubiri. Hiyo ni kazi, tena ya heshima: bila wao wageni wangapi wangefika kilele cha Uhuru, mita 5,895?

Mwongozaji anapigwa na baridi hiyohiyo. Ila yeye ana leseni, na uhai wa mgeni uko mikononi mwake. Mgeni akianza kuyumba, kujibu ovyo au kukohoa makohozi yenye povu, lazima atambue kuwa ni ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na uhaba wa oksijeni huko juu, na amshushe usiku huohuo, hata kama mgeni analia kwamba katoa hela nyingi. Uamuzi huo hasubiri bosi ampigie simu. Unatoka kwenye mafunzo na miiko, na kwangu mimi hapo ndipo taaluma inapoanza.

Waongozaji wengi walianza kwa kubeba. Kijana uliye mlimani sasa, usingoje: jifunze huduma ya kwanza, lugha, ndege na mimea ukiwa bado unabeba.