LibreOffice Writer kwa sie tunaochapa kazi za watu: nyota nne

Mie nachapa kazi za watu hapa mjini Unguja, barua, katiba za vikundi vya hisa, ripoti za wanafunzi, na adha kubwa si kuchapa, ni ile kazi ilokwisha chapwa. Mtu anakuletea PDF anakwambia nibadilishie majina tu, ukikopi ukipesti kila mstari umekatika kati kama vile alochapa alikuwa anabonyeza enta kila akivuta pumzi. Kurasa 14! Zamani nikifuta mmoja mmoja, dilit spesi, dilit spesi, mpaka adhana ya magharibi.

Sasa niko na LibreOffice Writer, ya bure na faili za Word inafungua. Kwanza Ctrl+F10 uone alama zilojificha, ile ¶ ni mwisho wa aya, kimshale kilokunjika ni mstari ulokatwa kwa Shift+Enter tu. Halafu Ctrl+H (dirisha la kutafuta na kubadilisha), tia tiki Regular expressions, tafuta ^$ weka @@@ (hapo unaziwekea alama zile nafasi tupu baina ya aya, kama hazipo zitenge mwenyewe kwanza), tena tafuta $ (yaani mwisho wa aya) weka spesi moja, yote inashikana, mwisho tafuta @@@ weka \n na aya zinarudi pahala pake. Dakika mbili. Ila hiyo \n bwana, kwenye kutafuta maana yake Shift+Enter, kwenye kubadilisha maana yake aya mpya, ilinizungusha siku nzima na nyota moja nimeikata hapo.

Mashairi usiyaguse kwa njia hiyo! Mzee mmoja kaniletea beti zake, mie na haraka zangu nikabadilisha zote kwa mpigo, vina na mizani vyote vikawa insha, na mwenyewe kakaa hapo hapo ananitizama. Ctrl+Z ndo iliyonisitiri. Siku hizi kila mshororo naumaliza kwa Shift+Enter, ubeti mzima unakuwa aya moja, naiambia aya isigawike, basi ubeti haukatwi kurasa mbili.

Na Ng'ambo ikikujia imeandikwa Ngâ€™ambo usidhani kirusi, ni faili la maandishi matupu limefunguliwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyohifadhi herufi) mwengine, lifungue upya uchague UTF-8. Kama limeshachanganyika na kazi nyengine basi kopi hiyo takataka uibadilishe kwa Ctrl+H.

Nnachokipenda zaidi lakini ni kidogo kabisa, Ctrl+Shift+Spesi. Inaweka spesi isokatika, nami naitia baina ya Sh. na 15,000. Kabla ya hapo nilimchapia bi mkubwa mmoja katiba ya kikundi chao, Sh. ikabaki peke yake mwisho wa mstari na 15,000 ikaangukia chini, akanirejeshea karatasi: "Mwanangu, hapa mbona hujaandika kiasi gani?"