Uzoefu wangu na dawa za kusafishia mfumo wa mafuta na injini katika gari la zamani

Gari ninalolizungumzia ni la petroli, limepita miaka ishirini tangu litoke kiwandani, na injini yake ni ile ambayo nozeli hunyunyiza mafuta kwenye njia ya hewa, nyuma ya vali, si moja kwa moja ndani ya silinda. Ninalitaja hilo mapema kwa sababu karibu kila nitakachokieleza kinategemea aina ya injini, na chupa iliyonisaidia mimi inaweza isimfae kabisa mwenye injini ya aina nyingine.

Dalili zilikuwa tatu. Gari likisimama huku injini inawaka, usukani ulitetemeka mkononi. Ukikanyaga mafuta ghafla, lilisita kwanza ndipo likavuta. Na asubuhi, linapowashwa, lilitoa moshi wa bluu kwa muda mfupi kisha ukapotea. Kabla ya kununua dawa yoyote nilimwomba fundi apime mgandamizo wa silinda, naye akakuta zote nne zinakaribiana na ziko ndani ya kiwango. Tukakagua plagi, koili na mipira ya hewa, tukahakikisha hakuna upenyo unaoingiza hewa isiyopimwa. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ndiyo iliyotupa mwanga: kompyuta ilikuwa imezoea kuongeza mafuta kwa asilimia 11 juu ya hesabu yake ya kawaida, maana yake sensa ya oksijeni ilikuwa ikiona mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli. Kwa kuwa presha ya pampu ilikuwa sawa, kilichobaki kushukiwa ni nozeli zenyewe.

Nasisitiza hatua hiyo kwa sababu dawa ya kusafisha huondoa uchafu tu. Hairudishi chuma kilicholika, haizibi ringi za pistoni zilizochakaa, wala haifufui koili iliyokufa. Anayemimina chupa kwenye tanki bila kujua kama tatizo lake ni uchafu au uchakavu anabahatisha, na mara nyingi anachelewesha matengenezo ambayo yangekuwa nafuu kama yangefanywa mapema.

Nozeli huchafuka hasa injini inapozimwa ikiwa bado ya moto. Petroli kidogo iliyobaki kwenye ncha hukaukia pale kwa joto na kuacha utando mgumu, na utando huo ukiongezeka siku baada ya siku, mafuta hayatoki tena kama ukungu mwembamba bali kama michirizi. Matone makubwa hayaungui vizuri, na hapo ndipo mtetemo na kusita huanzia. Gari la safari fupi fupi huumia zaidi, kwa kuwa huzimwa na kuwashwa mara nyingi bila kupata nafasi ya kujisafisha.

Dawa niliyochagua ilikuwa na polietaamini, ambayo kwenye lebo au karatasi ya usalama huandikwa PEA. Niliitafuta hiyo kwa makusudi, kwa sababu huvumilia joto kali na hivyo huweza kufanya kazi hadi ndani ya chumba cha mwako, kwenye vichwa vya pistoni, na si kwenye nozeli na vali pekee. Chupa nyingi huwa ni kiyeyushi chepesi cha jamii ya mafuta ya taa pamoja na kiasi kidogo cha sabuni, yaani kemikali ya kusafisha, huku maandishi ya nje yakiahidi makubwa. Lebo isiyotaja kilichomo ndani mimi huipita.

Niliimimina tanki likiwa karibu tupu, ndipo nikajaza petroli juu yake ili ichanganyike vyema, nikifuata kipimo cha mtengenezaji bila kuzidisha. Kisha nililiendesha gari safari ndefu za mwendo wa kutosha, kwa kuwa dawa hii inahitaji injini iliyopata joto lake kamili. Katika nusu ya kwanza ya tanki sikuona tofauti yoyote. Kuelekea mwisho wake kusita kulianza kupungua, na tulipounganisha tena mashine baada ya tanki lililofuata, ile nyongeza ya asilimia 11 ilikuwa imeshuka hadi 4. Mtetemo wa usukani ulipungua sana ingawa haukuisha wote. Kiti cha injini cha upande mmoja, yaani kishikizo kinachoibeba injini, kilikuwa kimelegea, na hicho hakuna dawa ya kumimina inayoweza kukirekebisha. Matumizi ya mafuta yalipungua kidogo, lakini kwa kiasi ambacho hata upepo wa matairi ungeweza kukileta, kwa hiyo siihesabii dawa sifa hiyo.

Mtumiaji ajue mambo mawili. Sehemu ya PEA hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye oili, kwa hiyo ni vyema dawa itumike muda wa kumwaga oili ukiwa umekaribia. Pia, petroli yenyewe katika nchi nyingi huwa tayari na sabuni: Marekani iliifanya kuwa lazima mwaka 1995, na mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota zilianzisha kiwango cha Top Tier kinachodai kiasi kikubwa zaidi. Gari ambalo limenyweshwa mafuta ya namna hiyo tangu likiwa jipya huenda lisioneshe badiliko kama nililoliona mimi. Na kwa injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, dawa ya tanki husafisha nozeli lakini haiwezi kusafisha vali za kuingiza hewa, kwa sababu petroli haizigusi kabisa. Kaboni ya huko huondolewa kwa kufungua njia ya hewa na kuisugua au kuipuliza.

Dawa ya kusuuza injini, ile inayomiminwa kwenye oili ya zamani kabla ya kuimwaga, niliikaribia kwa hofu zaidi, na naona hofu hiyo ina msingi. Katika injini ambayo oili yake haikubadilishwa kwa wakati, tope hujikusanya kwa mabonge. Ukiliyeyusha ghafla, mabonge huteremka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini iliyokuwa ikitembea vizuri ikaishia kukosa oili. Kwa hiyo tulifungua kwanza mfuniko wa vali. Chuma kilikuwa na rangi ya kahawia tu, na kidole nilichokipitisha kwenye pembe kilitoka na mafuta meusi mepesi yasiyo na chembe. Kama ningekuta uji mzito uliogandamana, ningemwomba fundi ashushe sampu aisafishe kwa mkono.

Tuliimimina injini ikiwa ya moto, tukaiacha iwake bila kukanyaga mafuta kwa dakika 10 kama maelekezo yalivyosema, kisha tukamwaga na kuweka filta mpya papo hapo. Gari halikuendeshwa hata kidogo katika muda huo, maana oili iliyochanganywa na kiyeyushi huwa nyepesi mno kubeba uzito wa injini inayofanya kazi. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi tii. Mlio wa tepeti za haidroliki, yaani visukuma vali vinavyotumia presha ya oili, wakati wa asubuhi ulipungua, na hilo lilinifurahisha, lakini baadaye gasketi ya mfuniko wa vali ikaanza kuvuja jasho la oili mahali ambapo uchafu ulikuwa umeziba kwa miaka. Gasketi ilibadilishwa na mambo yakaisha. Hata hivyo, sina mpango wa kurudia kusuuza. Oili nzuri tayari ina visafishaji vyake vya kalsiamu na magneziamu, na ukiimwaga mapema kidogo kuliko ratiba, husafisha taratibu bila kubomoa mabonge kwa mkupuo.

Ule moshi wa bluu wa asubuhi haukuguswa na dawa yoyote kati ya hizi, wala sikutarajia uguswe. Nilishauriwa nitie dawa nzito ya kuzuia moshi kwenye oili, nikakataa, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuifanya oili iwe nzito ili ipenye kwa shida, huku sehemu iliyochakaa ikibaki ilivyo na oili ikichelewa kufika juu injini inapowashwa ikiwa baridi. Moshi unaotoka wakati wa kuwasha na kukatika baada ya muda mfupi, ilhali mgandamizo wa silinda uko sawa, kwa kawaida huelekeza kwenye sili za vali: oili huchuruzika kupitia kwenye shina la vali usiku kucha na kuungua asubuhi. Tulizifungua, tukakuta mpira wake umekakamaa kiasi cha kuvunjika kwa kucha. Fundi aliweka mpya bila kushusha kichwa cha injini, na tangu hapo gari huwaka asubuhi bila moshi.