Rili ya kuvulia muski: misimu mitano, rili nne na kiwiko kimoja kibovu

Ukitaka jina tu la rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, ya kumvulia muski, samaki mkubwa mkali wa maji baridi ya Amerika Kaskazini, nakupa hapa hapa usichoke: Shimano Tranx 401, ile ya gia 5.8 kwa 1. Ndiyo iliyobaki kwenye fimbo yangu baada ya misimu mitano. Lakini mimi pia nilianza kwa kuulizia majina, na majina yalinila pesa, kwa hiyo kama una dakika chache, nisikilize.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kuvua nimejifunzia kwenye ngalawa ya mjomba, kwa mshipi wa mkono uliozungushiwa kibao, chubwi ya risasi na kipande cha ngisi. Rili ya mjomba ilikuwa kidole chake cha shahada. Samaki akikimbia, mshipi unapita juu ya kidole. Ukibana mno unakatika, ukilegeza mno anakuingilia miambani. Nikaona najua kuvua. Kisha nikaja Minnesota, Marekani.

Huku vibao vya magari vimeandikwa maziwa 10,000, na ukiyahesabu yanazidi. Nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, natoka saa moja asubuhi, na jirani yangu, mzee mstaafu mwenye boti, ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Mtu wa pwani akimwona muski atasema mzia kahamia maji baridi: mwili mrefu, taya bapa kama la bata, meno ya kukufanya urudishe mkono. Aliyevunja rekodi ya uzito ya jimbo hili alitoka ziwa Mille Lacs mwaka 2021, akapita ratili 55, yaani kilo 25. Sheria inasema asiyefika inchi 54, sawa na sentimita 137, humchukui. Na hata akifika, wengi wetu tunampiga picha na kumrudisha majini.

Hili la kumrudisha ndilo lililonigombanisha na mama kwenye simu.

"Samaki wa miski?" aliuliza.

"Muski, mama. Ndiyo jina lake."

"Haya. Na nyama yake ikoje?"

"Sijawahi kumla. Tunamwachia."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. "Mwanangu," akasema, "umekesha kazini, ukaenda ziwani kutwa nzima, ukampata, ukamwachia?" Akampa simu dada yangu.

Na sikumwambia lililo baya zaidi, kwamba siku nyingi hata wa kumwachia simpati. Wenyeji wanamwita samaki wa mirusho elfu kumi. Siku moja nilijaribu kuhesabu mirusho yangu, nikafika 412 kabla ya saa tisa alasiri, nikaacha. Hakuna aliyegusa. Ukielewa hapo, umeelewa karibu kila kitu kuhusu rili hizi. Muski akishika, pambano ni dakika chache, na rili yoyote nzima inamudu. Rili unainunua kwa ajili ya ile mirusho 412. Wauzaji wanakuonyesha breki, ile inayomkazia samaki akivuta uzi, inahimili ratili ngapi. Mimi siku hizi nauliza mkono wangu utakuwaje saa kumi jioni.

Rili ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kuvulia besi, samaki wa ukubwa wa sato. Jina nalihifadhi. Ilijaa kiganjani vizuri, nyepesi, inang'aa. Nikaifungia chambo cha nyuzi zinazometameta chenye visahani viwili vya namba 10, aina ya Double Cowgirl, ambavyo kila kimoja ni kama kijiko kikubwa cha kupakulia kilichopindwa. Vikizunguka majini vinavuta kama ndoo iliyojaa. Wiki ya tatu nilikuwa navuta kwa nguvu, ile beringi inayozuia hendeli isirudi nyuma ikateleza. Hendeli ikarudi kwa kasi ikanigonga vifundo vya vidole. Tangu siku hiyo ikawa inasaga kama ina mchanga ndani. Jirani aliifungua kwenye meza ya jikoni kwake, akaniwekea gia kiganjani: meno yameliwa upande mmoja tu. Fremu nyepesi ikibebeshwa mzigo usio wake inajipinda kidogo, jicho halioni, lakini gia zinaona. Zinaacha kukutana sawasawa na zinaanza kulana. Ndiyo maana kwa vyambo hivi watu wanataka fremu ya alumini, na rili za ukubwa wa daraja la 300 au 400 kwenda juu.

Rili ya pili niliichagua kwa kiburi. Nilitaka kasi, nikachukua yenye gia ya saba na ushee. Haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu, la hesabu. Tuifanye hapa. Spuli, kile kigurudumu kinachokunjiwa mshipi, ikijaa tuseme ina kipenyo cha sentimita 4. Mzunguko wake mmoja unakusanya kama sentimita 12.5. Gia ya 5.3 maana yake ukizungusha hendeli mara moja, spuli inazunguka mara 5.3, unapata sentimita 66 hivi. Gia ya 7.6 inakupa 95. Inapendeza, sivyo? Lakini maji hayakupi bure. Hizo sentimita 29 za ziada unazilipa kwa kiwiko, kila mzunguko. Ni kupanda barabara ya Lushoto kwa baiskeli uliyoifunga gia ya mbio. Utafika, ila muulize aliyefika hali yake.

Kufikia Agosti mwaka ule nilishindwa kufungua chupa ya dawa kazini. Bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka tisini na kitu, akainyakua, akaifungua, akanirudishia bila kusema neno.

Ndipo jirani akaniazima rili yake ya duara, Ambassadeur 6500, gia 5.3. Kampuni ya Abu iliyozitengeneza ilianza kule Svängsta, Sweden, mwaka 1921, na ilianza na saa za mfukoni na mita za teksi kabla haijafikiria samaki. Jina la Abu lenyewe limetoka kwenye neno la Kiswidi la kiwanda cha saa. Ukiizungusha unaamini. Kiwiko kilipona ndani ya mwezi. Kilichonishinda ni umbo. Rili ya duara inakaa juu ya fimbo, na mkono wangu ni mfupi wa vidole, siwezi kuikumbatia pamoja na fimbo nikarusha kutwa. Mzee ana viganja kama makasia, kwake hilo si tatizo. Kwa hiyo kabla hujachukua ushauri wa mtu, mwangalie mikono.

Sasa hii Tranx. Nilikwenda dukani na fimbo yangu, ya futi tisa, nikaomba wanifungie rili tatu moja baada ya nyingine huku mtu wa dukani akinitazama kama mteja msumbufu. Niliyoichukua ni bapa, inalala chini kiganjani, fremu ni ya alumini, hendeli ni ndefu na vishikio vyake vinene. Usidharau vishikio. Kishikio chembamba kikilowa na baridi ya Oktoba unakishika kwa ncha za vidole, na ncha za vidole hazina nguvu ya kuvuta ndoo. Urefu wa hendeli nao ni nguvu ya bure, kama mpini wa jembe.

Hiyo 1 mwishoni mwa 401 maana yake hendeli iko kushoto. Ya kulia ni 400. Mimi natumia mkono wa kulia, na watu wengi wa muski wenye mkono wa kulia bado wanachukua hendeli ya kulia. Wanarusha kwa kulia, halafu wanahamisha fimbo kushoto ili wavute. Mimi sitaki kuhamisha. Muski ana tabia ya kukifuata chambo mpaka ubavuni mwa boti bila kukishika, na hapo unazamisha ncha ya fimbo na kuchora namba nane majini, polepole. Kazi hiyo naitaka iwe ya mkono wenye akili.

Siku ya kwanza majini niliirudisha dukani. Nilikuwa nimefunga uzi wa kusuka wa ratili 80 moja kwa moja kwenye spuli tupu, na nikivuta kwa nguvu, breki ikawa kama inateleza hata nikiikaza mpaka mwisho. Nikasema nimepigwa. Kijana wa dukani hakubisha. Alishika spuli kwa kidole, akaniambia nivute mshipi: spuli imetulia, uzi wote unazunguka juu yake kama pete kidoleni. Uzi wa kusuka unateleza juu ya chuma laini. Akaufungua wote, akaweka mita kumi hivi za mshipi wa kawaida wa nailoni chini, akaunga, akarudishia huku ameubana kwa kitambaa ili ujipange kwa kukaza. Sikulipa kitu ila aibu.

Kukaza huko si urembo. Uzi ukilegea kwenye spuli, mizunguko ya juu inajichimbia ndani ya ile ya chini, na ukirusha chambo kizito unanasa katikati ya safari. Niliwahi kurusha Bull Dawg ile kubwa kabisa, wanayoiita Pounder kwa kuwa ina ratili nzima, karibu gramu 450 za mpira. Uzi ukanasa. Ukalia kama bunduki, chambo kikaenda peke yake, kikatua mbali kabisa na kuzama mbele ya macho yetu. Mzee akavua kofia.

Watu wanaogopa rili za aina hii kwa sababu ya mshipi kukorogeka. Kwa vyambo vya gramu kumi na tano wana haki. Kwa vya gramu mia na hamsini, chambo chenyewe kinavuta uzi kwa utulivu, breki za ndani za spuli zina kazi ndogo, kazi ni ya dole gumba. Nakaza ile skrubu ya pembeni mwa rili mpaka chambo kikishuka chenyewe kishuke taratibu, na kikigusa sakafu spuli isimame. Kisha dole gumba. Nilipoliweka juu ya uzi unaokimbia kwa mara ya kwanza nilijua niko wapi: ni kidole cha mjomba, kimehama tu kutoka shahada kwenda gumba.

Samaki wake wa kwanza, rili hii, ilikuwa Mille Lacs mwishoni mwa Septemba, saa moja usiku, giza limeanza kuchanganya. Nilikuwa kwenye zamu ya tatu ya kuchora namba nane, na nilikuwa nimeshachoka kiasi cha kutotazama. Hakushtua. Fimbo ilizidi tu kuwa nzito kwenye kona, kama imekwama kwenye gunia, halafu gunia likageuza kichwa. Uzi uliokuwa nje haukufika mita mbili. Hapo ndipo breki ya rili ina sauti: ikikaza mno, ndoana zinachanika, ikilegea mno, hazizami kwenye lile taya la mfupa. Naiacha ikaze sana, na dole gumba liko juu ya kitufe cha kuachia spuli, tayari kumpa uzi mimi mwenyewe akienda chini ya boti. Akaenda chini ya boti. Nikampa. Inchi 47 kwenye ubao, dakika nne zote, kisha akaondoka kwa dharau bila haraka.

Kuhusu bei: nililipa zaidi ya dola 250, na mke wangu anajua ni 150, tuiache hivyo. Uzito wake si wa kubeba siku nzima ukirusha vyambo vidogo, lakini rili nyepesi na vyambo hivi haviendani. Ukitaka nguvu zaidi kuna kaka yake, Tranx 500, inayotoka kwa gia 4.6 na 6.6, anayerusha Pounder kutwa aiangalie hiyo ya 4.6. Mimi sirushi Pounder kutwa. Nimeshaeleza kwa nini.

Novemba, maji yakikaribia kuganda, tunaacha kurusha na kuburuta vyambo nyuma ya boti, mshipi mmoja kwa kila mtu, ndiyo sheria. Ni kurambaza kule kule kwa nguru, umevaa tu makoti mawili. Barafu inajaa kwenye kile kijidude kinachopanga uzi kulia na kushoto, inabidi kuipuliza kwa pumzi kila baada ya muda. Msimu unafungwa tarehe 1 Desemba, na hapo naifungua, naifuta, natia tone la mafuta kwenye beringi na grisi kidogo kwenye gia.

Ile ya gia ya saba sikuiuza. Kwa vyambo vya mbao vinavyokwenda kwa kushtuliwa, unavuta kwa fimbo na rili kazi yake ni kukusanya uzi uliolegea, na hapo kasi ni mali. Ila kwa visahani vya namba 10 haigusi maji tena.

Kuhusu Ambassadeur ya jirani, kila mwaka barafu ikiyeyuka ananiuliza iko wapi. Namwambia bado naitafuta.