Mafuta ya zeituni ya famasi kwa sikio lililoziba: yanafanya kazi ila kachupa kenyewe kanakera

Naona watu wanaulizia sana kama mafuta ya zeituni kweli yanatoa uchafu wa masikio, nimeyatumia, mrejesho ndo huu. Naongelea kale kachupa kadogo kanakouzwa famasi, kale ambako wengi tunakajua kwa kupaka watoto wachanga, sio ile ya kupikia, na bei yake haiumizi.

Kilichonifurahisha kwanza wala sio mafuta, ni dada wa famasi. Kabla hajashusha kachupa kwenye shelfu akauliza, "Kaka, sikio linatoa usaha? Linauma? Ulishawahi kuambiwa ngoma ya sikio imetoboka?" Nikamwambia hapana, limeziba tu, nasikia kama niko chini ya maji, ndo akanipa. Hayo maswali sio mbwembwe jamani, ngoma ikiwa na tundu mafuta yanapitiliza mpaka ndani, kwa hiyo kama una dalili hizo usimwagie kitu chochote mpaka daktari achungulie.

Matumizi sasa. Weka kachupa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu kidogo, mafuta yafikie joto la mwili basi, maana ukidondoshea ya baridi sana au ya moto utapata kizunguzungu na tena ya moto yatakuunguza. Lala ubavu sikio lililoziba likiwa juu, livute kwa juu na nyuma kidogo, matone mawili matatu, tulia dakika 5 mpaka 10 halafu inuka upanguse yanayochuruzika. Mara 3 au 4 kwa siku, siku 3 mpaka 5. Usiku nilitandika kanga kuukuu juu ya mto, wazo zuri sana hilo maana asubuhi ilikuwa na doa la kahawia na kapande ka nta (ndo huo uchafu wa sikio) kamelainika kabisa, na wife akaniangalia hivi akaondoka bila kusema neno.

Ila msitegemee maajabu ya papo kwa papo, mwanzoni niliona kama usikivu ndo unapungua, hiyo inatokea, baadaye likafunguka lenyewe nikiwa natafuna mahindi ya kuchoma. Kutafuna na kuongea kunasaidia kusogeza nta nje, sikio linajisafisha lenyewe, mafuta yanalainisha tu.

Malalamiko: kachupa hakana dropa!! Mfuniko una tundu kubwa, ukiinamisha yanamwagika mpaka shingoni, shati langu jeupe limeharibika, ikabidi ninunue dropa pembeni. Na maelekezo yaliyoandikwa ni ya ngozi tu, sikio hawajaligusa kabisa. Ukikuta chupa ya matone iliyotengenezwa kwa ajili ya sikio chukua hiyo hata kama imezidi bei.

Kuna wanaonishauri ile mishumaa ya sikio, unawasha moto huku imechomekwa sikioni eti inavuta uchafu. Haivuti kitu. Ile nta unayoikuta ndani ukiipasua ni ya mshumaa wenyewe, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishatoa onyo mwaka 2010 kwa sababu inaunguza watu. Kitunguu saumu kilichopondwa nacho kaeni nacho jikoni, kinababua ngozi, na ngozi ya ndani ya sikio ni nyembamba mno. Zile pamba za vijiti ndo usiseme, boksi zenyewe nyingi zimeandikwa usiingize ndani ya sikio na bado tunachokonoa, wakati wengi wetu Waafrika nta yetu ni ile ya majimaji inayonata, kijiti kinaishindilia ndani tu. Sijataja ufunguo, njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku maana mzee wangu akisoma hapa tutagombana.

Kwa hiyo mafuta yenyewe nayapa nyota nne na nusu, kachupa nakapa mbili. Kama siku 5 zimepita na bado halijafunguka, au linaanza kuuma, acha, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo aivute nta kwa mashine au alisafishe sikio kwa maji, na umwambie umekuwa ukiweka mafuta, nta ikishalainika kazi yake inakuwa nyepesi.