Syncthing kwa waandishi: ni bure, hailambi bando, ila swichi hii moja ikibaki imezimwa utalia

Habari zenu wadau, karibuni. Leo naingia moja kwa moja kwenye skrini, maana kuna kitu ndani ya Syncthing ambacho nakipenda kuliko chochote kwenye programu za aina hii, na hapo hapo kuna namna walivyokiweka inayonikera mpaka basi. Ukiwa unaandika riwaya, tasnifu, miswada ya tamthilia, chochote chenye sura nyingi, na unahama kati ya laptopu, simu na kompyuta ya kazini, kaa hapa. Wengi kwenye maoni mliomba hii tangu video ya LibreOffice.

Syncthing ni nini, mnajua: inasawazisha folda kati ya vifaa vyako, au kama tunavyosema, inasinki. Haina akaunti wala seva inayotunza mafaili yako. Ni kifaa kwa kifaa. Namna ya kuisakinisha sitaiongelea sana. Wa Windows, msichukue lile faili tupu linalofungua dirisha jeusi. Tafuteni Syncthing Windows Setup, hiyo inajiwasha yenyewe kompyuta ikiwaka. Wa Android, programu rasmi ilisitishwa mwisho wa 2024. Inayoendelezwa ni Syncthing-Fork. Ukikuta mafunzo ya zamani yanakuelekeza kwenye ile nyingine, achana nayo.

Kuunganisha nako ni kazi ya dakika mbili. Kwenye kompyuta unafungua kivinjari, 127.0.0.1:8384, unabonyeza Actions, halafu Show ID. Inatokea namba ndefu ya makundi 8, kila kundi herufi 7, pamoja na picha ya QR. Simu inaipiga skani ile QR, kompyuta inauliza "unamkubali huyu?", unakubali. Halafu unashiriki folda. Basi.

Sasa njooni kwenye chenyewe. Angalieni skrini vizuri.

Hapa nina folda inaitwa Riwaya. Ndani yake kuna sura-07.docx. Nikibofya Edit kwenye hii folda, kuna kichupo kimeandikwa File Versioning. Ukiunda folda mpya, hapa pamekaa "No File Versioning". Maana yake nini? Maana yake ukifuta aya kumi kwa bahati mbaya kwenye laptopu, ukasevu, baada ya sekunde kama 10 simu nayo imezifuta. Kompyuta ya kazini nayo imezifuta. Kosa lako limesambazwa kwa uaminifu mkubwa kabisa! Ndiyo maana nawaambia kila siku, kusinki siyo bakapu. Kusinki kunabeba kila kitu, na makosa yako yamo.

Nabadilisha, naweka "Staggered File Versioning". Hii ndiyo ninayoipenda. Inavyofanya kazi: kwa saa ya kwanza inatunza toleo moja kwa kila sekunde 30. Siku ya kwanza, toleo moja kila saa. Siku 30 za kwanza, moja kila siku. Baada ya hapo moja kila wiki, mpaka mwaka mmoja, siku 365, na ukitaka zisifutwe kabisa unaandika 0. Yaani matoleo ya karibu yamebanana, ya zamani yameachiana nafasi. Kwa mwandishi hiyo ni sawa kabisa, maana kosa la leo unalitaka la saa mbili zilizopita, na ile sura uliyoitupa mwezi wa tatu unataka tu ipatikane mahali.

Haya, jaribio. Nafungua sura-07 hapa kwenye laptopu, nafuta aya tatu za mwanzo. Nasevu. Nafunga. Subirini... sekunde 10 ni za kukusanya mabadiliko, kwa hiyo msianze kubonyeza-bonyeza. Sawa, simu imepokea. Sasa kwenye laptopu naonyesha mafaili yaliyofichwa, natafuta folda inaitwa .stversions. Haipo. Hakuna kitu!

Umeona? Hapa ndipo watu wanaposema "programu hii mbovu". Siyo mbovu. Syncthing inatunza toleo la zamani pale tu mabadiliko yanapotoka kwa kifaa kingine. Ukibadilisha wewe mwenyewe kwenye laptopu, laptopu haitunzi. Anayetunza ni aliyepokea. Twende kwenye simu: folda ya Riwaya, mafaili yaliyofichwa, .stversions, na hili hapa, sura-07 ikifuatiwa na alama ya wimbi, tarehe, saa, halafu .docx. Nalifungua. Aya tatu zipo, salama salmini.

Na huo ndio ugomvi wangu nao. Huu mpangilio hauendi na folda. Ukiwasha kwenye laptopu, simu haijui. Lazima uwashe kila kifaa peke yake, kwa mkono. Mtu anawasha kwenye laptopu, ambako ndiko anakoandikia, na kwenye simu anaacha kama ilivyo. Kwa hiyo amewasha mahali ambapo karibu hapatatunza kitu, na ameacha pale ambapo pangemwokoa. Jamani, si mngeweka hata onyo dogo la rangi nyekundu? Kwa hiyo, simamisha video hii sasa hivi, nenda kila kifaa, washa. Kwenye simu ipo ndani ya mipangilio ya folda yenyewe.

Na ukiwa na kifaa kimoja chenye nafasi ya kutosha, kompyuta kuukuu ya nyumbani mathalani, mfanye huyo awe mpokeaji tu: aina ya folda weka "Receive Only". Huyo haandikiwi kitu, kazi yake ni kupokea na kutunza matoleo. Ila angalia saa yake. Kompyuta kuukuu ikifa ile betri ya CR2032 kwenye ubao mama, kila ikiwashwa inarudi miaka ya nyuma. Saa mbovu ni kero kwenye kifaa chochote unachoandikia, na nakuja kusema kwa nini.

Mgongano. Naweka simu kwenye hali ya ndege, naongeza sentensi kwenye sura-07. Kwenye laptopu naongeza sentensi nyingine kwenye sura hiyo hiyo. Naondoa hali ya ndege. Tazama: faili limekuwa mawili. Moja limebaki na jina lake, la pili limeandikwa sync-conflict, tarehe, saa na herufi 7 za kifaa. Hakuna kilichopotea. Linalobadilishwa jina ni lile lenye saa ya zamani zaidi, na ndiyo maana nikasema saa. Kifaa ambacho saa yake iko nyuma miaka kumi kitashindwa kila mgongano, hata kama kazi yako mpya ndiyo iliyoko humo. Utafungua faili lenye jina la kawaida, utaona maneno ya jana, utadhani yameliwa. Hayajaliwa. Yako kwenye sync-conflict.

Kuyaunganisha: kwenye Word nenda Review, halafu Compare, chagua faili la kwanza na la pili, unapata tofauti zote zimepigwa rangi. LibreOffice nayo inayo, chini ya Edit, Track Changes. Usifute faili la mgongano kabla ya kufanya hivyo, nawasihi.

Mengi ya haya utayaepuka kwa mazoea mawili. Kwanza, sura moja faili moja. Usiweke riwaya nzima kwenye docx moja, maana mgongano wa sura ya saba utakulazimisha kupitia kurasa 300. Pili, funga faili kabla hujahamia kifaa kingine, na usubiri kompyuta iandike "Up to Date". Wa Scrivener, ile programu ya kuandikia vitabu, ninyi hili ni la lazima kabisa. Mradi wa Scrivener unaonekana kama faili moja kwenye Mac, lakini ni folda yenye mafaili mengi madogo ndani, na programu yenyewe inasevu ukitulia sekunde mbili tu. Ukiufungua kwenye vifaa viwili, nusu ya mafaili yanatoka huku, nusu kule, na orodha ya sura inakuwa haijui nini kiko wapi. Kwa Scrivener mimi nasema hivi: fungua kifaa kimoja tu, na zile bakapu zake za zip, ambazo kwa kawaida anatunza 5 za mwisho, ongeza ziwe 25 na uzielekeze kwenye folda nyingine inayosinkiwa, siyo ndani ya mradi wenyewe.

Halafu yale mafaili ya kufuli. Ukifungua docx, Word inatengeneza kifaili kinachoanza na ~$, na LibreOffice inatengeneza .~lock. Hayo yakisafiri kwenda kifaa cha pili, unaambiwa hati inatumika na mtu mwingine, na mtu mwenyewe ni wewe! Nenda Ignore Patterns, andika mistari miwili:

~$*
.~lock.*

Na hii nayo haiendi na folda. Kila kifaa peke yake. Unaona tabia yao?

Sasa bando, maana najua ndilo mlilosubiri. Laptopu na simu zikiwa kwenye waifai moja, mafaili yanapita ndani kwa ndani, hayatoki kwenda intaneti. Huna waifai? Washa hotspoti kwenye simu, zima data, unganisha laptopu. Inasinki, na bando halijaguswa. Kuzima data ni muhimu kwa sababu Windows ikiona mtandao inaanza masasisho yake, na hapo utamlaumu Syncthing bure. Shida moja: kwenye Android programu kawaida inasubiri iwe "kwenye waifai", na simu inayotoa hotspoti haijihesabu hivyo. Ikikataa kuanza, iambie ianze kwa lazima.

Ila niwe mkweli, nilichoandika kwenye kichwa cha video kina chumvi kidogo. Riwaya ya maneno 80,000 kama maandishi matupu haifiki hata MB moja. Maandishi hayali bando. Kinachokula ni zile huduma za wingu zinazopakia na picha zako zote kwa pamoja. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, faida kubwa siyo bando, ni kwamba kazi yako haitegemei akaunti ya mtu.

Ubaya wake? Kama hakuna seva, vifaa lazima viwashwe kwa pamoja. Ni kama kutuma kifurushi kwa basi, mpokeaji asipokuwepo stendi mzigo haushuki. Kompyuta ya nyumbani na ya kazini hazikutani kamwe, kwa hiyo simu ndiyo inakuwa basi lenyewe: inapakia nyumbani usiku, inashusha kazini asubuhi. Ila Tecno, Infinix, Xiaomi, simu hizi zinaua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kutunza chaji. Ingia mipangilio ya betri, iondolee vizuizi. Na folda iweke kwenye hifadhi ya ndani ya simu, siyo kwenye kadi ya kumbukumbu, maana Android inabana ruhusa ya kuandika huko.

Washindani kwa ufupi. Dropbox ya bure ni GB 2 na vifaa 3, inarudisha matoleo ya siku 30, na kwa kweli kwa mtu asiyetaka kuhangaika inatosha. Google Drive GB 15, lakini hizo unagawana na barua pepe na picha. Na wanaoandika kwenye Google Docs, sikieni: lile faili la .gdoc mnaloliona kwenye kompyuta ni kiungo tu. Ukilinakili kwenye flashi umenakili anwani, maneno hayamo. Pakua kama docx kwanza.

Flashi nayo! Ile ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chipsi kuku, ndani mara nyingi ni GB chache zimedanganywa. Inakubali kunakili, mafaili yanaonekana, ukifungua hayafunguki. Ipime na H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux kabla hujaiamini. Video yake inakuja Jumamosi ijayo, na kuanzia hapo tutakuwa na video moja kwa wiki badala ya mbili.

Hata ukiwa na Syncthing kila mahali, nakala ya nje unaihitaji, maana mwizi akiingia anachukua laptopu na simu pamoja. Kila Ijumaa: kwenye 7-Zip bofya folda ya Riwaya, tengeneza zip yenye nenosiri, chagua AES-256, ipe jina lenye tarehe, jitumie kwa barua pepe. Gmail inakubali mpaka MB 25, kwa hiyo maandishi yanaenea. Nenosiri liandike kwenye karatasi nyumbani kwa mtu unayemwamini. Na mara moja kwa mwezi pakua zip moja kwenye kompyuta nyingine, ifungue, fungua sura yoyote katikati, usome.

Wa iPhone, nimewaacha mwisho kwa sababu habari zenu siyo nzuri. Ipo Möbius Sync, ya bure inaishia MB 20, baada ya hapo unalipia. MB 20 kwa maandishi matupu ni nyingi, msikimbilie kulipa. Lakini iOS hairuhusu programu ikae macho nyuma, kwa hiyo uifungue kwa mkono kabla ya kuandika na baada ya kuandika, kila mara. Ile mistari miwili ya Ignore Patterns nimeiweka hapo chini ya video, ikopi, na wewe ambaye hukusimamisha video nilipokuambia, haya, nenda sasa ukawashe kwenye simu.