Miche ya mikoko ya kununua: tathmini ya mbegu, viriba na kifurushi cha siku ya kupanda

Anayetaka kupanda mikoko leo, kuanzia Lamu hadi Vanga na kushuka Tanga mpaka Rufiji, hakosi muuzaji. Bidhaa zenyewe ni tatu. Kuna mbegu zilizochumwa msituni na kufungwa kwa mafungu. Kuna miche ya kitaluni iliyo kwenye viriba. Na kuna kifurushi kizima, ambapo shule, hoteli au kampuni hulipa kwa idadi ya miche, kisha ikapangiwa siku, mtumbwi, fulana na cheti.

Kwa pesa ile ile, mbegu mpya zilizokomaa za mkoko (hapa ni jina la aina moja tu kati ya mikoko), mkandaa na muia, zilizochumwa jirani na mahali pa kupanda, ndizo zenye faida kubwa kuliko zote. Viriba vinastahili bei yake kwa mchu, mlilana na mkomafi, ambazo nazo ni aina za mikoko. Kwa mkoko ni gharama ya bure mahali pengi. Kifurushi ndicho dhaifu kuliko vyote, isipokuwa muuzaji awe amepima ardhi kabla na kukubali kuhesabu miche baada ya mwaka mmoja na miwili.

Tuanze na mbegu. Mkoko huotesha mbegu yake ingali imening'inia juu ya mti. Kinachoanguka ni mche kamili wa kijani, wa sentimita 30 hadi 60 hivi, ulio tayari kutoa mizizi. Mbegu ya mkandaa ni fupi na nyembamba, ina mbavu kutoka juu hadi chini. Ya muia, ambao wengine huuita msinzi, ni nene na fupi kama sigara. Zote tatu hazihitaji kitalu.

Kupima ubora wake ni kazi ya macho na kidole. Itazame shingo, pale mbegu inapotokeza kwenye tunda. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya njano hapo, na ukiigusa kidogo inaachana na tunda yenyewe. Ikiwa imekatwa kwa kisu, au tunda bado limeng'ang'ania na pete haionekani, ilichumwa kabla ya wakati, na nyingi za namna hiyo huoza topeni kabla ya kutoa jani. Kisha igeuze taratibu utafute kitundu kidogo kama cha sindano chenye unga wa kahawia mdomoni. Huyo ni mdudu anayetoboa mbegu, na mbegu iliyotobolewa ina uhai mdogo. Ncha ya chini ikiwa nyeusi na kavu, mzizi umekufa. Usipime zile zilizopangwa juu ya gunia. Ingiza mkono mpaka chini, toa 20, uzikague moja moja. Zikizidi 2 zenye kasoro, rudisha gunia.

Mbegu za mkoko hukaa wiki moja mpaka mbili kivulini, ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Za mchu hazivumilii hivyo: siku chache tu zinaanza kuoza. Kwa hiyo anayekuuzia mbegu za mchu zilizochumwa wiki mbili zilizopita anakuuzia takataka, hata bei iwe ya chini namna gani.

Kosa linalojirudia siku za wageni ni kuchomeka mbegu ya mkoko kichwa chini. Ina ncha mbili na mgeni hazitofautishi. Ncha ya juu ni ile yenye kichipukizi chembamba, mahali ilipoachana na tunda. Sehemu nene iko upande wa chini, na ndiko mzizi unakotokea. Mbegu ya nusu mita inaingia topeni kama sentimita 15, imesimama wima, bila kupondwa kwa nyundo wala jiwe. Tope likiwa gumu, toboa kwanza kwa kijiti.

Kaa wa mikokoni nao wana yao. Huvuta mbegu changa mpaka mashimoni na kuzila, hasa upande wa nchi kavu ambako maji hayafiki kila siku. Wapandaji wenye uzoefu huzianika mbegu kivulini siku kadhaa zipungue utamu kwao, au hutumia miche iliyokwisha kuwa na shina gumu. Penye mashimo mengi ya kaa, basi, kiriba cha mkoko kinaweza kuwa na maana. Kwingineko, lipia mbegu.

Viriba sasa. Mlilana una tunda lenye kikombe cha nyota, na ndani yake mbegu ni ndogo na nyingi. Ukizimwaga mbele ya mawimbi hutaziona tena. Mchu una mbegu bapa inayovua ganda ikilowekwa majini, na ikishavua, wimbi dogo tu linaihamisha. Mkomafi una tunda kubwa kama dafu dogo, ndani yake mbegu zenye pembe zilizobanana, na wadudu huzipenda. Miti hii mitatu inahitaji kitalu, kwa hiyo muuzaji wa viriba anakufanyia kazi ya kweli.

Kabla ya kulipa, omba kiriba kimoja ukipasue. Wauzaji wazuri hawakatai. Mizizi ikiwa imezunguka chini mara mbili tatu kama kamba kwenye ndoo, mche umekaa kitaluni kupita kiasi. Ukiupanda, mizizi itaendelea kuzunguka na mti utang'oka kwa bamvua moja (maji yanayojaa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) lenye upepo. Mizizi myeupe iliyoshika udongo wote bila kujikunja ndiyo unayotaka. Juu, hesabu majani 4 hadi 6, na shina lisimame lenyewe bila kuegemea jirani.

Uliza kitalu kiko wapi. Kitalu kizuri cha mikoko kiko mahali maji ya bahari yanapoingia na kutoka, na kivuli chake huondolewa polepole kabla ya miche kuuzwa. Miche iliyolelewa nyuma ya nyumba kwa maji ya bomba hupendeza sana kwa macho: majani mapana, rangi iliyokolea. Ikikutana na chumvi na jua la saa sita mchana siku hiyo hiyo, hunyauka. Dawa yake ni kuizoesha chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na muuzaji aseme wazi kama amefanya hivyo. Katika kuibeba, ishikwe kiriba, isishikwe shina. Siku ya kupanda kila kiriba kivuliwe, kikusanywe, kihesabiwe na kurudishwa. Inasikitisha kukuta mstari mzima wa miche iliyopandwa na nailoni yake: mche umefungwa miguu, na plastiki imepelekwa pale pale kaa na kamba wanapozaliana.

Kifurushi ndicho kinachohitaji maneno mengi, maana ndicho kinachomeza pesa nyingi. Tatizo lake kubwa ni mahali. Mandhari inayopendwa na wauzaji ni tope tupu lililo mbele ya msitu, upande wa bahari: halina mwenyewe, linafikika maji yakipwa, na kwenye picha linaonekana kama pengo linalongoja miti. Mara nyingi ni tupu kwa sababu liko chini mno. Maji hulifunika kwa muda mrefu kuliko mkoko unavyoweza kuvumilia, mawimbi huung'oa, na wanyama wadogo wa baharini wenye magamba hujibandika kwenye shina mpaka linalemaa. Isitoshe, hapo si mahali pasipo kazi. Ndege wa pwani hula kwenye tope hilo, na nyasi za bahari zilizo mbele yake ni makao ya samaki wachanga. Kulijaza miche ya mkoko ni kuharibu makao ya viumbe wengine kwa ajili ya msitu ambao hautaota.

Sri Lanka walijifunza hili kwa hasara. Baada ya tsunami ya 2004 palipandwa mikoko mahali pengi kwa haraka. Watafiti waliporudi kukagua maeneo 23, maeneo 9 hayakuwa na mche hata mmoja hai. Katika hektari 1,000 hadi 1,200 zilizopandwa, zilizofanikiwa zilikuwa kama 200 hadi 220 tu. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni kupanda mahali pasipofaa, mifugo kukanyaga, na kukosa matunzo baada ya sherehe.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa kifurushi si bei ya mche. Muulize: hapa maji huingia mara ngapi kwa mwezi? Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili kwa siku, karibu mara 58 kwa mwezi. Mlilana huvumilia kufunikwa karibu kila mara. Mkoko hukaa vizuri nyuma yake kidogo, mahali panapofikiwa na maji mengi lakini si yote. Mkandaa unataka pa juu zaidi, panapofikiwa mara 20 hadi 45 hivi. Mchu huonekana pande mbili, mbele na nyuma, na ule wa nyuma huishi hata panapofikiwa wakati wa bamvua peke yake. Asiyeweza kujibu swali hilo hajapima.

Kupima hakuhitaji mtambo. Chukua mpira mwangavu wa maji, ule ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi, na watu wawili. Mmoja asimame penye mikoko ya asili iliyostawi ya aina unayotaka kupanda, mwingine asimame pale panapopendekezwa. Linganisheni kimo cha ardhi. Mahali ambapo bamvua hupanda na kushuka hadi karibu mita 4, tofauti ya sentimita 30 inatosha kuamua kama mche utaishi au utakufa. Kazi hii ni ya asubuhi moja, na kifurushi kisichokuwa nayo hakistahili kulipiwa.

Swali la pili: kwa nini hapa hapana miti sasa? Mwache, karibu na Mombasa, mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 kushusha udongo mwingi uliofunika mizizi ya kupumulia. Penye jambo kama hilo, kurudisha mche bila kushughulikia udongo ni kuurudisha kaburini. Kwingine barabara au tuta limefunga njia ya maji; ukifungua mfereji, mbegu huletwa na maji zenyewe na huhitaji kununua kitu. Muuzaji anayekushauri hivyo, akapoteza mauzo yake, mshike.

Nafasi kati ya miche nayo huchezewa. Kwa mita 1 kwa mita 1, hektari moja inameza miche 10,000. Kwa mita 2.5 kila upande ni 1,600. Anayelipwa kwa mche anapenda kubananisha, na wengine huzidisha mpaka nusu mita. Kubana kuna faida mahali ambapo watu wanataka fito na pau zilizonyooka baadaye. Kwa kurudisha msitu wa viumbe wengi, acha nafasi, na uache mapengo mbegu za asili ziingie. Kenya ina aina 9 za mikoko. Shamba la mkoko mtupu ni sehemu ndogo tu ya msitu huo.

Ruhusa isisahaulike. Misitu ya mikoko Kenya ni hifadhi ya serikali, na Huduma ya Misitu, KFS, pamoja na kikundi cha jamii cha mahali hapo, lazima wajue kabla ya jembe kugusa tope. Tanzania Bara mhusika ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kifurushi kizuri huja na barua mkononi.

Malipo nayo yagawanywe. Asilimia 40 siku ya kupanda, 30 baada ya miezi 12, na 30 baada ya 24, kwa hesabu ya miche hai ndani ya vipande vya mita 10 kwa 10 vilivyowekewa vigingi. Ndani ya miaka hiyo miwili kuna kazi halisi ya mikono: kuondoa mwani na nyavu zilizonasa, kuzuia mbuzi wasile mchu, kujaza mapengo. Watu wa kijiji ndio wanaoifanya, na bei isiyowalipa ni bei ya sherehe tu.

Anayetaka kipimo cha kulinganisha aende Gazi, Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa sana kwa kuni za viwandani. Tangu 1991 watafiti wamekuwa wakipanda upya huko, na mashamba hayo yanaonekana mpaka leo. Mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unaouza hewa ya ukaa (yaani hulipwa kwa ukaa unaozuiwa na msitu usiende hewani) ya hektari 117, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na mapato huenda kwenye mambo kama maji na shule. Kwa mnunuzi, linalofaa kuangaliwa ni kwamba sehemu kubwa ya kinachouzwa ni ulinzi wa msitu uliosimama. Kupanda ni sehemu ndogo. Mkoko mkubwa uliopona shoka leo tayari una mizizi, kaa, chaza na samaki wachanga chini yake, mambo ambayo mche huchukua miaka mingi kuyapata.

Hilo liwe akilini pia kwa anayenunua mche kwa simu kutoka Nairobi, Muscat au Toronto. Kabla ya kutuma pesa, omba vitu vinne: jina la mahali, aina ya mti, jina la kikundi kinacholinda, na picha ya vigingi vile vile iliyopigwa mwaka jana na mwaka huu, maji yakiwa yamekupwa.