Kiti (seti ya vifaa) ya sola ya wati 100 hapa Goma: paneli safi, waya wa hovyo

Naipa nyota 3 kati ya 5. Paneli haina neno. Kinachoudhi ni waya uliomo kwenye boksi na namna regulateri, kile kifaa kinachosimamia chaji ya batri, ilivyopangwa kiwandani.

Hesabu kwanza. Siku ya jua paneli inaleta kama wati-saa 300. Mvua za Aprili na Novemba zikishika, siku nyingine hata nusu haifiki. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 zinakula 100, televisheni ya wati 30 kwa saa 4 inakula 120, simu na redio zinamaliza zilizobaki. Pasi sahau.

Waya wa boksi ni wa milimita mraba 1.5. Kutoka paa hadi batri ni mita 10, basi kwa ampea 6 unapoteza karibu volti 1.4 njiani. Mchana bati likichemka, paneli nayo inashuka hadi volti 15 na kitu. Toa hizo zilizopotea: batri ya madini ya risasi haizipati volti 14.4 inazotaka ili ijae. Saa mbili usiku taa zinafifia, fundi anasema batri imekufa, anakuuzia nyingine, na hiyo nayo inafifia. Weka waya wa milimita mraba 6, hasara inabaki chini ya volti 0.4. Kati ya paneli na bati acha upana wa kiganja, hewa ipite.

Regulateri ilikuja imepangwa kukata taa kwenye volti 10.7. Huko ni kuiua batri polepole. Nimeipandisha hadi 11.8. Unaunganisha batri kwanza, kisha paneli, mwisho taa. Kufungua ni kinyume chake. Fyuzi ya ampea 30 kwa waya wa chanya unaokwenda kwenye konvatisa (kifaa kinachogeuza umeme wa batri kuwa volti 220) haimo ndani ya boksi. Inunue, uifunge karibu kabisa na batri.

Majivu ya volkeno yamwagie maji. Ukiyapangusa makavu yanakwaruza kioo. Vichwa vya batri vipake grisi, maana moshi wa volkeno unaokula mabati yetu hauachi shaba.

Kiti ya pili ya aina hii inawasha taa ya njiani. Laini ya umeme inaishia barabara kubwa, kwa hiyo parseli (viwanja) 6 za ndani tumechanga. Vifaa ni vilevile, ila batri ya watu wengi inachoshwa haraka: kila mtu anachomeka simu. Hakuna soketi ya volti 220 pale, ni matundu mawili ya USB, nayo yanazimwa saa 12 jioni. Daftari la michango linalala nyumba moja, ufunguo wa sanduku la batri nyumba nyingine. Mpangaji anapiga kura sawa na mwenye parseli, la sivyo wapangaji wanaacha kuchanga, na wao ndio wengi.

Dhamana ya batri ni miezi 6. Hakikisha namba iliyogongwa kwenye batri imeandikwa kwenye risiti kabla hujatoka dukani, maana bila hiyo wanaikataa.